Plagi Nyeupe

Jovnna aliisukuma skuta yake ya theluji hadi mlangoni,
saa mbili usiku, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
ndevu zimeganda. "Inakohoa," akasema.
Inakohoa wapi?
"Nikipanda mlima. Turbo ikianza tu kuimba
inakata, kama mtu aliyepaliwa."

Nilifungua plagi kabla ya kufungua mdomo.
Plagi yenye afya ina rangi ya chai ya maziwa.
Hii ilikuwa nyeupe, nyeupe ya mfupa uliooshwa na mvua,
na ukingoni vitone vya fedha:
pistoni ilikwisha anza kutoa machozi.

Hewa tele, mafuta haba.
Baridi ya Kautokeino huifanya hewa nzito, ikashonana,
na turbo huishindilia kwenye silinda kama pamba guniani.
Mafuta yasipoifuata,
moto hukosa cha kula, ukala chuma.

Mpwa wake, Nilla, alikuja na kompyuta kwapani.
"Ongeza asilimia kumi kwenye ramani ya mafuta, basi."
Vidole vimeshafika kwenye vitufe.
Nikamwambia, toa mkono.
Juzi ilikimbia vizuri kwa ramani hiyohiyo.
Ramani haipasuki kwa baridi.
Vipo vinavyopasuka.

Chujio: safi.
Pampu: inanguruma kama paka aliyeshiba.
Injekta nilizitoa moja moja, zikapiga ukungu
ndani ya chupa ya jamu, ukungu sawasawa, hauna kosa.
Saa tano. Saa sita.
Jovnna kakalia ndoo iliyopinduliwa,
anakata nyama kavu ya kulungu kwa kisu cha babake.
Kundi lake limevuka mto kuelekea mashariki,
na wanyama mia nne hawamsubiri fundi.

Nikachukua pampu ya baiskeli.
Nilla akacheka. Acha acheke.
Nikaiunga kwenye ile njia nyembamba
inayompelekea mdhibiti wa mafuta habari za turbo:
huyu akisukuma zaidi, naye asukume zaidi.
Nikapampu, macho kwenye geji.
Mshale haukutikisika.
Nikapampu tena,
nikasikia, chini ya tangi, pssss,
kama mtu anayekuita ukutani wengine wasijue.

Mpira. Mwembamba kama mrija wa soda,
umejipinda nyuma ya bano, na kwenye pindo
ufa usiopitisha ukucha.
Injini ikipumzika, ufa umefumba.
Turbo ikipuliza, unafumbua mdomo,
na habari zote zinamwagikia humo.
Mdhibiti wa watu, maskini, hakujua lolote.
Aliendelea kutoa mafuta ya mtu anayetembea
na mwenzake anakimbia.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi sikuuziba. Niliutoa mpira wote,
nikaweka wa silikoni, vibano viwili,
nikaupitisha mbali na ile kona.
Kisha nikaingiza kamera kwenye tundu la plagi:
pistoni ina kovu, haijatoboka.
"Itakufikisha hadi majike wazae," nikamwambia Jovnna.
"Baada ya hapo uilete. Usinifanye nikufuate."

Alfajiri tukaijaribu juu ya barafu ya ziwa.
Nilipanda nyuma yake, nimeikumbatia geji.
Namba iliyokuwa ikiruka hadi kumi na nne
ikashuka, kumi na mbili, kumi na moja na nusu,
ikatulia hapo. Turbo ikaimba wimbo wake hadi mwisho.
Sikusema kitu. Meno yalikuwa yanagongana.

Tuliporudi, Nilla alikuwa ameinamia kompyuta
akifuta kitu harakaharaka.
Asilimia kumi, nadhani. Sikumuuliza.

Jovnna ameshaondoka.
Ule mpira uko mfukoni mwangu, urefu wa kidole;
mpya wake ni kroni kumi na mbili.
Kazi bado hajalipa.
Aliacha nyama kwenye meza, kando ya ile plagi.
Ina chumvi nyingi.